Kondomu: takwimu isiyoelezwa inawapotosha vijana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nijibu hoja ya msomaji mwenzangu katika toleo la wiki iliyopita, aliyeandika kwamba kwa kuwa wataalamu wenyewe wanakiri kuwa kondomu huzuia mimba kwa asilimia 87 tu, basi kuwafundisha vijana kuitumia ni kuwadanganya, maana katika kila mara 100 watakazokutana na wenzi wao, mara 13 zitaleta mimba. Takwimu aliyoitaja ni ya kweli, na hata Shirika la Afya Duniani huitoa. Maana aliyoipa si ya kweli. Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nimekaa na wasichana wengi walioiacha kondomu kwa sababu ya maelezo ya namna hii hii kisha wakaja kliniki wakiwa wajawazito, na kwa sababu hiyo siwezi kuiacha barua ile ipite bila jibu.

Nianze na hesabu yenyewe. Hao 13 si matendo ya ndoa, ni wanawake, na muda unaohesabiwa ni mwaka mzima. Ukiwachukua wanawake 100 wanaosema kwamba njia yao ya kuzuia mimba ni kondomu ya kiume, ukawafuatilia katika mwaka wa kwanza wa kuitumia, takriban 13 watashika mimba kabla mwaka haujaisha. Ni utaratibu wa zamani wa kuhesabu mimba kwa wanawake 100 kwa mwaka, uliowekwa na mtaalamu wa takwimu wa Marekani, Raymond Pearl, mwaka 1933, na ndio unaotumika mpaka leo kulinganisha vidonge, sindano, vitanzi na njia nyinginezo. Sasa tuseme kila mmoja wa wanawake hao hukutana na mwenzi wake mara 2 kwa wiki: kwa mwaka ni zaidi ya mara 100 kwa kila mmoja, na kwa wote 100 ni zaidi ya mara 10,000. Kwa hiyo mimba hizo 13 zimetokea katika mara 10,000 na zaidi, si katika mara 100 kama msomaji alivyodhani, na hatari aliyowatangazia wasomaji wa gazeti hili ni takriban mara mia ya ile iliyopo. Tena hakutaja kabisa kwamba wanawake 100 wasiotumia njia yoyote, wakifuatiliwa kwa mwaka uleule, 85 kati yao hushika mimba. Mtu akiambiwa 13 bila kuambiwa 85, hana cha kulinganisha nacho, na ndipo anapohitimisha kuwa kuvaa na kutovaa ni mamoja.

Takwimu hiyo ina mwenzake ambaye pia hakutajwa. Wanawake 100 ambao wenzi wao huvaa kondomu kila mara, tangu mwanzo hadi mwisho wa tendo, na kwa namna inayotakiwa, hushika mimba 2 tu kwa mwaka. Hii ndiyo asilimia 98 inayoandikwa kwenye vitabu vya uzazi wa mpango. Kati ya 2 na 13 kuna mimba 11, na swali ambalo kila mzazi na kila mwalimu anapaswa kuliuliza ni mimba hizo zinatoka wapi. Jibu ni kwamba hazitoki kwenye mpira. Katika utafiti wa aina hii, mwanamke akisema njia yake ni kondomu, kisha siku fulani mwenzi wake asivae, na mimba ikaingia siku hiyo, mimba hiyo inaandikwa kwenye hesabu ya kondomu, ingawa kondomu yenyewe ilibaki ndani ya paketi yake mezani. Nyingi kati ya hizo 11 ni mimba za namna hiyo, na zilizobaki ni za mpira uliovaliwa vibaya, uliochelewa kuvaliwa au uliovuliwa mapema.

Kuna ushahidi mwingine wa jambo hili ambao huwa nafurahi kuwaeleza wauguzi wanafunzi. Kwa miaka kadhaa takwimu iliyokuwa ikitolewa Marekani kwa matumizi ya kawaida ilikuwa 18 kwa 100. Mahojiano mapya ya wanawake yalipochambuliwa, ya kati ya mwaka 2006 na 2010, ikashuka hadi 13, huku ile ya matumizi sahihi ikibaki 2 kama ilivyokuwa. Viwanda havikuwa vimegundua mpira mpya katika muda huo. Watu walikuwa wameutumia vizuri zaidi. Uchambuzi wa takwimu za nchi 43 zinazoendelea, uliotolewa mwaka 2016, ulikuta kwamba kwa watumiaji wa kondomu za kiume kiwango cha kati cha mimba katika miezi 12 ni kati ya 5 na 6 kwa 100. Najua kwamba katika mahojiano ya namna hiyo wanawake wengine huficha mimba zilizotoka au kutolewa, hivyo kiwango halisi huenda ni kikubwa zaidi. Hata hivyo inatosha kuonyesha kwamba 13 si tabia ya kondomu iliyoandikwa kiwandani, bali ni kiwango kinachopanda na kushuka kulingana na mafunzo, upatikanaji na nia ya watumiaji.

Kliniki, sababu ya mimba hizo niliyoisikia mara nyingi kuliko zote ilihusu siku salama. Binti angekaa mbele yangu, kadi mkononi, aseme kwa sauti ya chini, "Mama, sisi tunatumia siku zote, isipokuwa zile ambazo si za hatari." Ukimuuliza siku hizo alizijuaje, atakuambia amehesabu 14 kutoka siku ya kwanza ya hedhi, kama alivyoambiwa na rafiki yake, ilhali mzunguko wake mwezi huu ni wa siku 26 na mwezi ujao ni wa siku 33. Yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, siyo baada ya ile iliyopita, na hedhi inayofuata hakuna aijuaye kwa hakika, hasa msichana ambaye mzunguko wake haujatulia. Yai lenyewe huishi kwa saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, zikilisubiri. Kwa hiyo siku ambazo mimba inaweza kuingia ni kama 6 katika kila mzunguko, na hubadilika mahali pake. Anayevaa kondomu siku anazozidhania kuwa za hatari na kuiacha siku nyingine anaitegemea hesabu yake, haitegemei kondomu, na inapokosea anailaumu kondomu.

Sababu ya pili ni kuchelewa kuvaa. Vijana wengi wanaamini kwamba mpira ni wa kuvaliwa tendo linapokaribia kufika mwisho, kwa kuwa mbegu hutoka wakati huo. Majimaji yanayomtoka mwanamume kabla ya hapo, kwa baadhi ya wanaume, huwa na mbegu hai, na mbali na hilo mwanamume anayejiahidi kwamba atatulia katikati ya tendo ili avae ameahidi kitu kigumu. Hii haina tofauti kubwa na kule kumwaga nje, ambako kwa matumizi ya kawaida kunaacha mimba takriban 20 kwa wanawake 100 kwa mwaka.

Kuhusu kupasuka, ambako watu hukuogopa kuliko yote, ukweli ni kwamba takriban kondomu 2 tu kati ya 100 hupasuka au kuchomoka kabisa wakati wa tendo, na nyingi hupasuka kwa makosa yanayoepukika. La kwanza ni mafuta. Huku kwetu Pwani mafuta ya nazi hayakosekani ndani ya nyumba, na mafuta ya mgando na losheni zipo kila mahali, na watu huyapaka wakidhani yanasaidia. Mpira wa kondomu nyingi ni utomvu wa asili wa mti wa mpira, na mafuta huudhoofisha kwa kasi ambayo wengi hawaitarajii: vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 1989 vilionyesha kwamba sekunde 60 tu za kuguswa na mafuta ya madini, yaani yatokanayo na petroli, zinatosha kuupunguzia sehemu kubwa mno ya nguvu zake. Kinachofaa ni kilainishi cha maji. Baadhi ya dawa za fangasi zinazowekwa ukeni nazo zina mafuta yanayoharibu mpira, na mwanamke anayepewa dawa hizo ana haki ya kuambiwa hilo na anayemwandikia, jambo ambalo kwa bahati mbaya halifanyiki mara nyingi.

La pili ni joto. Pita katika mtaa wowote wa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, utaona boksi la kondomu limetundikwa kwenye nondo za dirisha la duka, upande unaopigwa na jua la mchana, rangi ya karatasi yake imepauka mpaka tarehe ya mwisho haisomeki. Kondomu iliyotunzwa kivulini, pakavu, huweza kukaa kwa miaka kadhaa hadi tarehe iliyoandikwa. Iliyoanikwa juani miezi kwa miezi, au iliyokaa ndani ya pochi ya mfuko wa nyuma wa suruali ikikaliwa na kukunjwa, haiwezi kuahidiwa hivyo, hata kama tarehe yake bado. Wenye maduka hawana nia mbaya, hakuna aliyewaeleza.

Kisha kuna namna ya kuivaa, ambayo ndiyo inayodharauliwa zaidi kwa sababu kila mtu anadhani anaijua. Tulikuwa na kielelezo cha mbao kliniki, na nilikuwa nawaomba watu wazima, wanaume wenye wake na watoto, wanionyeshe. Mmoja huifungua paketi kwa meno. Mwingine anaianza upande usiofaa, anagundua kwamba haishuki, anaigeuza na kuendelea na ileile, ambayo kama ingekuwa kweli tayari ingekuwa imegusa majimaji yenye mbegu na ingepaswa kutupwa. Wengi hawaminyi ncha ili hewa itoke na nafasi ya shahawa ibaki, na hapo ndipo shinikizo linapopatikana. Wapo wanaovaa mbili kwa pamoja wakidhani wamejilinda mara mbili, ilhali mpira unaposuguana na mpira huongeza uwezekano wa kuchanika. Na karibu hakuna aliyekuwa akijua la mwisho, ambalo kwangu ni muhimu sawa na la kwanza: kwamba baada ya kumwaga, mwanamume anapaswa kushika pete ya kondomu kwenye shina na kutoka kabla uume haujalegea, asije akaiacha ndani. Maelezo hayo yote, pamoja na kufanya kwa mikono, huchukua dakika chache. Sioni kwa nini mtu amalize shule, afunge ndoa na azae bila kupewa dakika hizo.

Msomaji aliandika pia kwamba mpira una vitundu vidogo visivyoonekana ambavyo mbegu hupita. Madai haya yana historia. Mwaka 2003 kadinali wa Vatikani, Alfonso López Trujillo, aliyatoa hadharani kuhusu virusi vya UKIMWI, na Shirika la Afya Duniani likayakanusha wakati huohuo. Kichwa cha mbegu ya kiume kina upana wa takriban maikromita 3, yaani sehemu 3 kati ya 1,000 za milimita moja. Kirusi cha UKIMWI ni kidogo kuliko hapo kwa zaidi ya mara 20. Na chembe ya maji ni ndogo mno kuliko vyote viwili. Kiwandani kila kondomu hupimwa kwa umeme kuona kama ina tundu, kisha kutoka kila mzigo huchukuliwa sampuli zinazojazwa mililita 300 za maji na kutundikwa ili ionekane kama linavuja tone, na sampuli nyingine hupulizwa hewa, ambazo kwa saizi ya kawaida zinapaswa kubeba angalau lita 18 bila kupasuka. Mpira usiopitisha maji haupitishi mbegu. Hapa nchini vifaa tiba, kondomu zikiwemo, vipo chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na mwenye shaka na kondomu fulani apeleke shaka hiyo huko badala ya kuitangaza kwa kondomu zote. Kiongozi wa dini anayewafundisha waumini wake wasubiri ndoa anafanya kazi yake na namheshimu kwa hilo. Ninachomwomba ni kwamba asiliunge mkono fundisho lake kwa jambo la kisayansi ambalo si kweli, kwa sababu kijana asiyesubiri bado atalikumbuka lile la vitundu.

Baada ya kusema hayo, sitaki nieleweke kwamba kondomu inatosha kwa kila mtu. Wapo watetezi wake wanaoandika kwenye mabango kana kwamba ni kinga ya asilimia 100, nao wanakosea. Hatari ya mwaka mmoja hurudi mwaka unaofuata. Hata kwa wale wanaoitumia bila kosa, ile 2 kwa mwaka inaweza kukaribia 10 kwa wanawake 100 katika miaka mitano. Kwa mwanamke ambaye mimba nyingine ingehatarisha uhai wake, tuseme mwenye ugonjwa wa moyo au aliyefanyiwa upasuaji wa uzazi mara kadhaa, mimi nisingemshauri kutegemea kondomu peke yake. Kipandikizi na kitanzi huacha mimba isiyofika 1 kwa wanawake 100 kwa mwaka, sindano kwa matumizi ya kawaida takriban 4, vidonge takriban 7. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachozuia UKIMWI, kaswende au kisonono, na kwa hiyo ushauri bora kwa wengi ni kuvitumia pamoja: njia ya mwanamke ya muda mrefu kwa ajili ya mimba, na kondomu kwa ajili ya maradhi na kama kinga ya pili ya mimba.

Na kondomu ikipasuka, bado kuna la kufanya, na hili ndilo watu hulijua nusunusu. Vidonge vya dharura, ambavyo mitaani vinaitwa P2, hufanya kazi vizuri zaidi kadiri vinavyomezwa mapema, na vinatakiwa vimezwe ndani ya saa 72. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 hufanya kazi vizuri kuliko vidonge hivyo. Vidonge hivyo si dawa ya kila wiki, na havitoi mimba iliyokwisha kuingia. Binti anayejua hili siku ya Jumapili usiku, kondomu ilipopasuka, ana nafasi ya vidonge hivyo ambayo binti anayeambiwa Alhamisi hana.

Nirudi kwa wasichana, kwa maana wao ndio wanaolipa. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hapa Tanzania asilimia 22 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba; kwa jirani zetu wa Kenya, mwaka huohuo, ilikuwa asilimia 15. Novemba 2021 Serikali yetu iliruhusu wanafunzi waliojifungua warudi shuleni, uamuzi ambao niliupokea kwa furaha kubwa, lakini kumrudisha darasani aliyekwisha kuzaa hakuwezi kuwa badala ya kumweleza mapema mwenzake ambaye bado. Wengi wa wasichana hawa hawakukosa kondomu. Walikosa uwezo wa kumwambia mwanamume aliyewazidi umri na fedha kwamba bila kinga haiwezekani. Anapokuja mwandishi na kuwaambia kwamba kinga yenyewe haifai, anampa mwanamume huyo sababu nyingine ya kukataa. Kuna kondomu ya kike, ambayo mwanamke anaweza kuivaa mwenyewe saa kadhaa kabla, na ambayo kwa matumizi sahihi huacha mimba 5 kwa wanawake 100 kwa mwaka, ingawa kwa matumizi ya kawaida ni 21, kwa kuwa inahitaji mazoezi zaidi. Ni vigumu kuipata katika maduka ya kawaida, nayo inastahili kuwekwa kwenye boksi lile lile la bure lililopo mlangoni mwa zahanati.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba gazeti lako linapochapisha ile asilimia 87, katika barua au habari, liichapishe pamoja na 98, na liseme wazi kwamba ni hesabu ya wanawake 100 kwa mwaka. Ombi langu kwa waganga wafawidhi wa zahanati na vituo vya afya ni kwamba boksi la kondomu lililopo mlangoni liwe kivulini, na muuguzi mmoja apangwe, walau siku za kliniki, kumwonyesha kwa kielelezo yeyote atakayetaka, mwanamume au mwanamke, bila kumuuliza ana ndoa au hana.

Wako mtiifu,
Muuguzi mkunga mstaafu,
Tanga